Umepewa kazi ya kuandika historia ya shule ya bweni na kutwa? Anza na vitanda na ada

Shule binafsi yoyote ikishakaa miaka ya kutosha inafika siku bodi inasema jamani miaka mia inakaribia, tunataka kitabu. Hapo anatafutwa mtu, mara nyingi mwalimu mstaafu au mhitimu ambaye watu wanajua anapenda kuandika, anapewa maboksi kadhaa na ufunguo wa stoo, anaambiwa haya karibu, tunasubiri. Kama huyo mtu ndo wewe, soma hii kabla hujafungua hata boksi moja.

Historia nyingi za shule zina ugonjwa mmoja. Hedimasta wa kwanza alikuja akajenga kanisa, wa pili akajenga bwalo, wa tatu akaongeza maabara, vita ikaja, vita ikaisha, wa nne akajenga bwawa la kuogelea, picha ya mgeni rasmi anakata utepe, mwisho. Waliosoma pale watanunua kwa ajili ya picha, mtu mwingine yeyote hafiki ukurasa wa 20. Na sio kwamba mwandishi hajui kuandika, ni kwamba amefuata foleni ya mahedimasta badala ya kufuata kitu kinachoisukuma shule yenyewe. Kwa shule yenye bodingi na dei pamoja mimi naona kitu hicho ni maswali mawili tu: nani alilala pale usiku, na nani alilipa. Ukiweza kujibu hayo mawili kwa kila kipindi, mengine yote yanajipanga, hadi sababu ya hedimasta wa pili kujenga bwalo utaijua mwenyewe bila kusoma hotuba yake.

Mifano mingi nitatoa Uingereza kwa sababu kule shule za aina hii ni za zamani sana na karatasi zao zimetunzwa, ila njia yenyewe inafanya kazi kwa shule yoyote ile.

Angalia Harrow. Watu wakisikia Harrow wanawaza bodingi ya watoto wa matajiri, lakini John Lyon aliyepata hati ya Malkia Elizabeth I mwaka 1572 alitaka watoto wa kiume wa parokia ya Harrow wasome bure. Ila kanuni zake zikaacha mlango mmoja wazi, mwalimu aruhusiwe kupokea na watoto wa kutoka nje wanaolipa. Huo mlango ndo historia yote ya shule ile. Wanaolipa wakaongezeka, wakahitaji mahali pa kulala, nyumba za kulala zikawa biashara ya walimu, na mtoto wa jirani akawa mgeni kwenye shule iliyoanzishwa kwa ajili yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 wenyeji wakaenda hadi mahakamani na hawakupata walichokitaka, na mwaka 1876 watoto wa eneo lile wakafunguliwa shule nyingine ya kutwa yenye jina la Lyon huyohuyo. Rugby nako hadithi ni ileile karibu neno kwa neno, Lawrence Sheriff alikuwa mfanyabiashara wa vyakula London aliyemuuzia malkia, mwaka 1567 akaacha mali kwa ajili ya shule ya watoto wa Rugby na kijiji cha jirani cha Brownsover, halafu baada ya miaka mia tatu bodingi imemeza kila kitu na mwaka 1878 inafunguliwa Lawrence Sheriff School kwa ajili ya watoto wa pale mjini. Sasa ukiandika historia ya Rugby kwa kufuata mahedimasta utamwandika sana Thomas Arnold, 1828 hadi 1842, na yule mtoto wa muuza duka wa Rugby utampa mstari mmoja. Ukifuata vitanda, wote wawili wanakaa kwenye sura moja na sura inakuwa na moto.

Kabla ya yote, andikishaneni

Hili nalipitia haraka lakini usiliruke. Pata barua ya bodi, sio maneno ya mdomo, inayosema mambo matatu: kwamba utasoma mihtasari yote ya vikao na sio ile waliyokuchagulia, kwamba neno la mwisho kuhusu maandishi ni lako isipokuwa pale mwanasheria akisema kuna hatari ya kisheria, na kwamba ukimaliza nakala za kila ulichokusanya zitahifadhiwa mahali fulani panapojulikana. Bodi ikigoma kwenye la pili, bado unaweza kufanya kazi, ila ujue unaandika tangazo la shule, na ukubaliane na malipo ya mtu anayeandika matangazo.

Jedwali la vitanda

Hii ndo kazi yenyewe, na wengi wanairuka kwa sababu inachosha. Fungua jedwali kwenye kompyuta, kila mwaka mstari wake, halafu safu za kushuka chini: wanafunzi wa bweni, wanafunzi wa kutwa, wavulana, wasichana, ada ya bweni, ada ya kutwa, wangapi wanasoma kwa udhamini au kwa punguzo, walimu wangapi, mabweni mangapi. Huna haja ya kujaza kila mwaka mara ya kwanza, anza na kila mwaka wa tano, ukiona namba imeruka ghafla ndo unarudi kujaza miaka ya katikati.

Namba utazitoa wapi? Rejista ya udahili ndo mama, maana pale mtoto anaandikwa jina, tarehe, mzazi anaitwa nani na anafanya kazi gani, na mara nyingi kama ni wa bweni au wa kutwa. Leja za ada zinakuambia nani alilipa kweli, ambayo sio sawa na nani alitakiwa kulipa. Mihtasari ya bodi inakuambia walichokuwa wanaogopa. Tangazo la shule lile la kuwavutia wazazi linakuambia shule ilivyotaka kuonekana, kwa hiyo usilitumie kama ushahidi wa jinsi ilivyokuwa, litumie kama ushahidi wa jinsi ilivyokuwa inajiuza. Gazeti la shule lina majina mengi na uongo wa adabu mwingi, kila mechi tuliyofungwa "tulicheza kwa moyo", soma tu lakini weka macho wazi.

Ukishapata namba zako za miaka hamsini hivi, simama utazame. Namba za bweni na namba za kutwa zinapopishana, pale kuna sura ya kitabu. Zinaposhuka zote pamoja, pale kuna sura. Bweni ikishuka na kutwa ikapanda, huenda barabara au reli imefika, au mabasi yameanza, au wazazi hawataki tena kumtoa mtoto wa miaka minane nyumbani, na hapo sasa unakwenda kutafuta ni lipi kati ya hayo, usikisie.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Uppingham. Edward Thring alifika pale mwaka 1853 akakuta kashule kadogo, akaikuza ikajulikana nchi nzima, na mwaka 1869 mkutano wa kwanza wa wakuu wa shule wa kule Uingereza ulifanyika kwake. Sasa nyumba za wanafunzi pale zilikuwa zimewekewa hela na walimu wenyewe, yaani mwalimu anakopa au anatoa akiba yake anajenga nyumba, wanafunzi wakijaa anarudisha, wasipojaa amekwisha. Mwaka 1875 homa ya matumbo ikaingia mjini, watoto wakafa, wazazi wakaanza kuondoa watoto. Mwaka 1876 Thring akafanya jambo ambalo ukilisoma bila kujua habari za hela unaona ni ushujaa tu, akaihamisha shule nzima hadi Borth, pwani ya Wales, wakakaa huko karibu mwaka mzima hadi 1877. Ushujaa upo, sikatai. Lakini ukijua kwamba vitanda vitupu vilikuwa vinamaanisha walimu kufilisika mmoja mmoja, unaelewa kwa nini hakuweza kufunga tu shule akasubiri mji utengeneze maji yake.

Vita nayo isome hivyohivyo. Mwaka 1940 Roedean, shule ya wasichana iliyoko pwani ya kusini, ilihamia Keswick kule kaskazini, wanafunzi wakalala hotelini, madarasa mengine yakafanyika kwenye stesheni ya treni, na majengo yao wakakaa wanajeshi wa majini. Malvern College ilinyang'anywa majengo na serikali, ikaenda Blenheim Palace, ikarudi, halafu 1942 ikatolewa tena kwa sababu wataalamu wa rada waliletwa pale, na Malvern ikaenda kuishi Harrow. Kila shule iliyohamishwa ina swali la kuuliza ambalo vitabu vingi vya sherehe haviulizi: wanafunzi wa kutwa walienda wapi? Wa bodingi unamfunga na godoro lake unampakia kwenye treni, mtoto wa dei nyumbani kwao ni palepale. Wengine walihama wakawa wa bweni kwa lazima, wengine wakaishia shule nyingine, na kuna waliopotea kabisa kwenye rejista. Tafuta majina yao.

Halafu kuna sheria na sera, ambazo zinasukuma namba kuliko hedimasta yeyote. Kule England na Wales kulikuwa na shule zilizopata ruzuku ya moja kwa moja kutoka serikalini ili zipokee sehemu ya watoto bila ada, mpango huo ukaanza kufutwa katikati ya miaka ya 1970 na shule ikabidi ichague, iingie serikalini au isimame yenyewe kwa ada. Shule nyingi ambazo leo zinajiita huru zilifanya uamuzi huo kwenye kikao kimoja kirefu, na mihtasari ya kikao kile ni dhahabu, isome neno kwa neno. Mwaka 1980 ikaja sheria ya serikali kuwalipia ada baadhi ya watoto, mwaka 1997 serikali nyingine ikaifuta. Januari 2025 ada za shule binafsi Uingereza zikaanza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Kila moja ya tarehe hizo iweke pembeni ya jedwali lako kwa rangi nyekundu, na uone namba zinasemaje mwaka mmoja kabla na miaka mitatu baada.

Tarehe ya kuanzishwa, hapo tulia kidogo

Shule zinapenda kuwa za zamani. King's School ya Canterbury inahesabu kuanzia mwaka 597, St Peter's ya York inahesabu 627. Sasa hiyo Canterbury, Henry VIII aliianzisha upya mwaka 1541 na jina la mfalme linatoka hapo. Je, ni shule moja? Inategemea unaita shule ni nini: jengo, hela, jina, au ile desturi ya mtu kufundisha watoto karibu na kanisa lilelile. Wewe kazi yako sio kuwavunja moyo wala kuwapigia makofi, kazi yako ni kuweka tarehe zote mezani na kusema kila moja ina karatasi gani nyuma yake. Hata shule isiyo na ubishi ina tarehe zaidi ya moja, Winchester ilipata hati yake ya kuanzishwa mwaka 1382 lakini wanafunzi waliingia kwenye majengo yake mwaka 1394, miaka 12 baadaye. Kwa hiyo tenganisha: tarehe ya wazo, tarehe ya hela, tarehe ya hati, tarehe ya mtoto wa kwanza kukaa darasani, tarehe ya mtoto wa kwanza kulala. Hiyo ya mwisho kwa shule zilizoanza kama za kutwa ndo inasahaulika kabisa na wewe ndo unaitaka kuliko zote.

Karatasi ya kwanza isome kama mwanasheria. Dollar Academy ya Scotland, ambayo leo ni bweni na kutwa, ilitokana na wosia wa John McNabb, nahodha wa meli aliyefariki mwaka 1802 akaacha hela kwa ajili ya taasisi ya hisani au shule kwa maskini wa parokia ya Dollar. Umeona hilo neno "au"? Watu walibishana miaka na miaka, wengine wakitaka nyumba ya kutunzia maskini, wengine wakitaka shule, na shule ikafunguliwa mwaka 1818. Neno moja, miaka 16. Na hilo "kwa maskini" ukishalikuta kwenye wosia wa shule yako, lifuatilie hadi leo, lilikufa lini, nani aliliua, na kwenye kikao gani.

Hapohapo uliza hela ya mwanzilishi ilitoka wapi. Kwa Uingereza wakati serikali ilipokomesha utumwa kwenye makoloni kwa sheria ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa fidia wenye watumwa, sio watumwa wenyewe, na majina ya waliolipwa yamewekwa wazi mtandaoni na University College London. Tafuta mwanzilishi wako, wajumbe wa bodi wa kwanza, na wafadhili wa majengo. Inachukua mchana mmoja. Ukikuta kitu, kinaingia kwenye sura ya hela pamoja na hela nyingine, usikitengee boksi pembeni kama vile ni habari ya mtu mwingine.

Mitego miwili ya tarehe na hela kwa wanaosoma karatasi za zamani za England. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo hati iliyoandikwa Februari 1560 kwa hesabu yetu ni Februari 1561, na ukikosa hili utajikuta shule imefunguliwa kabla ya kuanzishwa. Na Septemba 1752 yenyewe walirusha siku 11 kwenye kalenda, baada ya tarehe 2 ikaja 14. Upande wa hela, hadi tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20 na shilingi moja peni 12, na ada zilipenda kutajwa kwa gini, ambayo ni shilingi 21, ilisikika kiungwana zaidi. Ukishabadilisha yote kuwa kipimo kimoja usikimbilie zile kokotoo za mtandaoni zinazokuambia ada ile ni sawa na kiasi fulani cha leo. Fungua leja ya mwaka uleule, tazama shule ilimlipa nini mwalimu mdogo kabisa na mlinzi wa geti, halafu sema ada ya mtoto mmoja wa bweni ilikuwa mishahara ya miezi mingapi ya yule mlinzi. Msomaji anaelewa papo hapo. Na usisahau vile vidogovidogo vinavyoongezwa chini ya bili, kufua, muziki, dawa, kushona viatu, maana mzazi maskini alikuwa anaweza kupambana na ada yenyewe akaja kuangushwa na hivyo.

Watu ambao hawapo kwenye picha

Bweni haliendeshwi na hedimasta. Kuna matroni, wapishi, wafuaji, watu wa bustani, wale wa kuwasha moto alfajiri. Kwenye gazeti la shule hawamo, labda siku ya kustaafu. Lakini kwenye sensa wamo! Sensa za England na Wales kuanzia 1841 zina majina, na kuanzia 1851 zinakuambia mtu alizaliwa wapi na ana nafasi gani kwenye nyumba ile, kwa hiyo usiku wa sensa unaipata shule nzima imelala na kila mtu ameandikwa, kuanzia mkuu wa nyumba hadi binti wa jikoni. Mtoto wa kutwa humkuti kwenye ukurasa wa shule, unamkuta kwao, na baba yake ameandikwa kazi yake, ndo unajua dei ilikuwa ya watoto wa akina nani. Za hadi 1921 zinasomeka, ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, ila kuna orodha ya watu iliyoandikwa Septemba 1939 inayoziba pengo kidogo. Nchi yako kama sensa zake hazifunguliwi kwa majina, tafuta leja za mishahara, vitabu vya parokia, na watoto wa wapishi waliokua palepale, wapo na wanakumbuka kuliko wahitimu.

Wanafunzi wa kutwa wenyewe nao wanapotea kwenye picha. Picha ya pamoja inapigwa jioni, wao wameshaondoka. Shule zingine zililiona tatizo mapema, Clifton College iliyoanza 1862 iliwapa wa kutwa nyumba zao rasmi, North Town na South Town, ili wawe na timu na rangi na kiranja kama wa bweni, hata kama hawana kitanda. Uliza shule yako ilifanya nini: walikula wapi mchana, mabegi waliweka wapi, Jumamosi walitakiwa kuja, jioni waliruhusiwa kubaki hadi saa ngapi, na waliitwa nani. Kila shule ya namna hii ina jina la utani la wa kutwa na mara chache ni zuri.

Wasichana kwenye shule iliyokuwa ya wavulana, swali ni lilelile la vitanda. Marlborough ilipokea wasichana kwenye madarasa mawili ya juu mwaka 1968 na ikafungua madarasa yote mwaka 1989, na katikati ya hizo tarehe kuna miaka 21 ya watu kuishi kwenye majengo yaliyochorwa kwa ajili ya wavulana. Usiandike "shule ilifungua milango kwa wasichana" ukaishia hapo. Walilala wapi muhula wa kwanza? Vyoo? Nani aliwafungia mlango usiku? Na kwenye jedwali, angalia namba za wavulana miaka mitano kabla, mara nyingi unakuta milango ilifunguliwa wakati vitanda vimeanza kubaki wazi.

Mahojiano

Anza na wazee zaidi, wiki hii, usisubiri umalize maboksi. Pata ruhusa kwa maandishi na mweleze rekodi itakaa wapi na nani ataisikia. Mtu wa umri mkubwa anayeulizwa "shule ilikuwaje" atakupa hotuba ya mahafali, kwa hiyo muulize vitu vidogo vinavyoshikika: kitanda chako kilikuwa upande gani wa mlango, nani alilala kushoto, taa zilizimwa saa ngapi na nani alizizima, barua ya nyumbani ilikuja siku gani, ulikula nini Jumapili. Akianza na kitanda, dakika kumi baadaye yuko ndani kabisa na anakuambia mambo ambayo hajawahi kumwambia mke wake. Wa kutwa muulize njia: ulipita wapi, ulifika saa ngapi, mvua ikinyesha ilikuwaje, ulimwona nani njiani aliyekucheka kwa ajili ya sare. Tarehe zake usiziamini, watu wanachanganya miaka bila nia mbaya, zihakiki kwenye rejista, ila hisia zake ziachie kama zilivyo.

Usihoji wahitimu wa chama cha wahitimu peke yao. Hao ndo waliopenda shule. Tafuta walioondoka katikati, wapo kwenye rejista na safu ya "sababu ya kuondoka" imeachwa tupu au imeandikwa kitu cha upole.

Hapo utakutana na machungu na lazima uwe umejiandaa. Kuna vipigo vilivyokuwa halali wakati ule, kwa England na Wales shule binafsi zilikatazwa kuchapa mwaka 1999 tu, miaka 12 baada ya shule za serikali, na hivyo unaviandika kwa vitabu vya adhabu na kumbukumbu za watu bila kuvitetea wala kuvikuza. Kuna na yale ambayo hayakuwa halali wakati wowote. Uchunguzi wa umma wa England na Wales kuhusu unyanyasaji wa watoto kingono ulitoa ripoti ya shule za bweni Machi 2022 na ripoti ya mwisho Oktoba 2022, hakuna mwandishi wa historia ya shule leo anayeweza kujifanya hajasikia. Mtu akianza kukusimulia, usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza, mwambie mapema kwamba kama kuna mtoto aliye hatarini leo au mhusika bado yuko na watoto, hiyo inakwenda kwa polisi au mamlaka ya ulinzi wa watoto, sio kwenye kitabu chako. Usimtaje mtu kwa tuhuma ambayo haijafika popote, usimtaje aliyeumizwa bila ridhaa yake ya maandishi, na usiache ukurasa mweupe. Shule ikikuambia hilo tuliache, rudi kwenye ile barua ya mwanzo.

Faili za wagonjwa, adhabu na barua za wazazi kuhusu madeni ni habari binafsi za watu ambao wengine wako hai. Tumia namba na mwelekeo, majina yaache. Na barua aliyoandika mwanafunzi, karatasi inaweza kuwa ya shule lakini maneno ni ya mwandishi na warithi wake, kwa sheria ya Uingereza kwa kawaida hadi miaka 70 baada ya kifo chake, na barua nyingi za zamani ambazo hazijawahi kuchapwa zinalindwa hadi mwisho wa 2039, kwa hiyo omba ruhusa kabla hujaichapa yote.

Kumbukumbu ya waliokufa vitani ihakiki jina kwa jina. Eton pekee ilipoteza watu 1,157 kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na shule ndogo zina kumi au ishirini ukutani, lakini mawe yalichongwa haraka na kwa michango, mengine yamekosa majina na mengine yamekosea. Tume ya makaburi ya vita iliyoundwa 1917 ina orodha inayotafutika bure mtandaoni. Tafuta na wafanyakazi, mtunza bustani aliyekufa mwaka uleule mara nyingi hayumo kwenye jiwe.

Kukaa chini uandike

Piga picha kila karatasi pamoja na namba ya boksi ndani ya picha ileile, maana picha bila namba ya boksi ni picha tu. Picha za zamani andika nyuma kwa penseli laini, kamwe sio kalamu ya wino wala gundi ya plastiki. Ndani ya stoo tumia penseli muda wote.

Sura zako zisipangwe kwa mahedimasta. Zipange kwa yale mapishano uliyoyaona kwenye jedwali, unaweza kuwa na sura ya miaka 80 isiyo na tukio na sura nyingine ya miezi 14 peke yake, haina shida, na wajumbe wa bodi watakaolalamika kwamba hedimasta fulani amepata kurasa mbili tu wape orodha ya mahedimasta na tarehe zao mwishoni kama kiambatisho. Jedwali lenyewe la vitanda na ada lichape lote pale nyuma, lina faida kuliko picha za rangi na halijawahi kuchapwa kwa shule nyingi. Weka faharasa ya majina, tena ndefu, na majina ya wapishi yamo, kwa sababu kila atakayeshika kitabu ataanzia nyuma kujitafuta. Rekodi za mahojiano, picha na jedwali weka nakala mbili, moja shuleni na moja kwenye hifadhi ya nyaraka ya eneo lenu, na uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu zipo wapi na zinafunguliwa lini.